Nyaya za Chumvi

Jumapili ile Mwalimu Elisifa Kaaya alikwama katikati ya somo, na mimi nilikuwa benchi la nne upande wa wanawake, nikijifanya natafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo.

Alikuwa amesimama mbele ya usharika mzima, miwani myeusi usoni, kitabu chake cha nukta nundu kimefunguliwa mezani. Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vilipita mstari wa kwanza vizuri tu. Mstari wa pili vilipunguza mwendo. Wa tatu vikarudi nyuma, vikapita tena, vikarudi tena. Watu walidhani ametua makusudi, kama wanavyofanya wasomaji hodari. Mtu akakohoa. Mwalimu akaweka vidole vyote kumi juu ya ukurasa, akausugua kama anayepangusa meza.

"Naomba mnisamehe," alisema. "Vidole vyangu vimekufa tena. Kosa ni langu mwenyewe."

Mzee wa kanisa alimshika mkono akamrudisha kwenye kiti, na mtu mwingine akamalizia somo. Mimi sikusikia hata neno moja. Kosa halikuwa la Mwalimu. Lilikuwa langu, nililijua tangu mwezi wa tano, na huo ulikuwa mwezi wa kumi. Nilikuwa nimelikalia miezi mitano kama kuku juu ya mayai, na bado nilikuwa nakuja kanisani nimevaa vizuri.

*

Inabidi niseme kazi yangu, ingawa siku hizi naitaja kwa sauti ya chini. Jina langu Ndeninsia Akyoo, watu huniita Ninsia. Nafanya kazi kwenye karakana ya nyaya hapa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru. Nyaya zetu hatuzivuti kwa mashine, tunazikuza kwenye beseni la maji, zinaota polepole kwa siku tisa.

Waya wa shaba hubeba elektroni, na mwili wa binadamu haujui elektroni ni kitu gani. Mishipa ya fahamu inasemezana kwa chumvi. Ioni za sodiamu zinaingia, za potasiamu zinatoka, zinapishana mlangoni, na wewe unajua kwamba chai ni ya moto. Zamani mafundi walilazimisha chuma kuongea na mshipa, na mshipa ukajifunika kovu ukanyamaza. Waya wetu hauna chuma ndani. Ni mwembamba kuliko unywele mara kumi, na ndani yake mna njia ambayo ioni za sodiamu hupita moja moja, kwa foleni. Ukizifunga nyaya elfu arobaini pamoja unapata kitu cha ukubwa wa punje ya ulezi. Watu wanakiita hivyo hivyo, punje. Punje moja huwekwa chini ya ngozi ya ncha ya kidole. Ukigusa kitu, chumvi inasogea ndani ya nyaya, na mshipa unaelewa. Haina betri, inaishi kwa chumvi ya mwili wenyewe, na sharti lake ni moja tu: kila jioni mtu aloweke vidole robo saa kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi.

Mwalimu Kaaya alichukuliwa macho na kisukari, kisha ugonjwa huo huo ukamchukua vidole, na alipopoteza vidole akapoteza kusoma. Wanawe walimnunulia mashine ya kumsomea kwa sauti. Akaifungia kabatini.

"Mashine ikinisomea, mtu mwingine ameshasoma kabla yangu," aliniambia siku tuliyomwekea punje. "Nataka nifike mimi wa kwanza."

Nilikaa naye tangu asubuhi hadi jioni kuvizoesha vidole vyake. Neno la kwanza alilolitambua lilikuwa "mbuzi". Alicheka mpaka machozi yakamtoka chini ya miwani. "Miaka sita nangojea kusoma, na wa kunipokea ni mbuzi!"

Na mimi nilicheka, nimeziba mdomo kwa mkono. Hiyo ni tabia yangu ya siku zote. Maji ya kwetu yana floraidi nyingi, na sisi tuliozaliwa kabla ya bomba jipya meno yetu ni ya kahawia, kama tumekunywa chai tangu tumboni. Nilipokuwa darasa la tatu, Mwalimu akiwa bado ana macho, nilikuwa nasoma nimeweka kiganja mbele ya mdomo. Akaniambia mbele ya darasa zima, "Toa mkono mdomoni, Ninsia. Hatukuangalii meno, tunakusikiliza." Niliutoa siku hiyo. Kesho yake ukarudi.

Sasa kosa lenyewe. Kila nyumba ya kwetu ilikuwa na ndoo ya mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe inachomwa, inasagwa, na maji yakipita humo yanaiacha floraidi nyuma. Karakana nayo ina mkaa huo, kwenye tangi kubwa, na baada ya tangi maji yanakwenda kwenye mtambo wa mvuke, yanachemshwa na mvuke wake kupozwa uwe maji tena, hadi hayana kitu kingine chochote ndani. Mwezi wa pili mtambo wa mvuke uliharibika, na kifaa chake kilikuwa bado bandarini. Kundi la kumi na saba la nyaya lilikuwa limeshaota, likisubiri kuoshwa mara ya mwisho. Watu ishirini na watatu walikuwa wameshaitwa kwa tarehe. Nikaamua kuliosha kwa maji ya tangi la mkaa peke yake.

Mkaa ulikuwa umepitisha tarehe yake ya kubadilishwa kwa siku kumi na mbili. Nilifunua mfuniko nikachungulia. Ulikuwa mweusi, unang'aa. Mama yangu alikuwa anachungulia ndoo yetu hivyo hivyo, anasema, "Bado mweusi, bado una nguvu," na sisi tunakunywa. Nami nikasema hivyo hivyo, kwa sauti, peke yangu, na digrii zangu mbili. Kipimo cha floraidi kilikuwa kabatini, hatua sita kutoka niliposimama. Nilizihesabu baadaye. Na kinywani mwangu mlikuwa na meno thelathini na mawili ya kunikumbusha kwamba jicho la mama yangu halikuwahi kuiona floraidi hata siku moja.

Mwezi wa tano nilipima mabaki ya kundi lile, kwa udadisi tu. Floraidi ilikuwa imeingia kwenye njia za sodiamu na kung'ang'ania kutani. Njia zingeziba moja baada ya nyingine, bila maumivu, kwa miezi. Lililo baya zaidi ni jingine: mshipa unaokaa mwaka mzima umegusana na waya uliokufa, nao unakufa, na ukishakufa huwezi tena kuuwekea punje nyingine. Punje za kundi la kumi na saba ziliwekwa mwezi wa tatu. Maana yake zitolewe kabla ya Machi inayofuata, la sivyo watu wale hawatahisi kitu tena kwa vidole maisha yao yote.

Nilisema nitapima tena kwanza. Kisha nikasema nitangoje nione. Malalamiko yalipoanza kuja, fomu ilikuwa na kisanduku kilichoandikwa: mtumiaji hakufuata sharti la chumvi. Nilikuwa nauliza, "Hujawahi kukosa kuloweka hata siku moja?" Nani hajawahi? Mmoja alisafiri, mwingine aliugua, mwingine alisinzia tu kwenye kochi. Wote waliinamisha kichwa, nami nikaweka alama ya vema. Niliweka alama hiyo mara tisa.

*

Jumanne iliyofuata Mwalimu alipiga hodi kwenye chumba changu pale karakana.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Ninsia. Mzee wa kanisa ameniacha mlangoni. Anasema humu ndani kunanukia sindano, hataki kuingia."

Nilimshika kiwiko nikamketisha. Alifungua mkoba wake, akapekua kwa mikono yote miwili, akainamisha sikio kusikiliza mchakacho, akatoa jani la isale. Lilikuwa limefungwa fundo katikati.

Isale ni mmea wa mipakani, kila boma la Umeruni linao, lakini haukatwi ovyo. Ukimkosea mtu unakata jani lake, unalifunga fundo, unampelekea kwa mkono wako, na huyo uliyempelekea hana ruhusa ya kukataa. Akilipokea, neno limekwisha, halifufuliwi tena. Nimeona ndugu waliogombania shamba miaka ishirini wakiishia kwenye jani moja.

"Mwezi wa sita nilimzika mdogo wangu," Mwalimu alisema. "Siku mbili sikuloweka vidole. Siyo kwamba nilisahau, nisikudanganye. Nilikumbuka, nikaona haya kuomba beseni la chumvi katikati ya msiba. Sasa nimekiharibu kitu chenu. Ulikaa na mimi kutwa nzima ukinifundisha kama mtoto, na mimi nikakuaibisha mbele ya wakubwa zako."

"Mwalimu, siku mbili haziwezi..."

"Usinifariji. Mmeandika wenyewe. Mzee amenisomea karatasi."

Alama ile ya vema niliiweka mimi, kwa kalamu iliyokuwa mezani wakati huo huo.

Alinyoosha jani kuelekea sauti yangu, akikosea kidogo upande wa kushoto. Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yalikuwa machache na mepesi: ni maji, Mwalimu, ni mimi. Nikamwangalia uso wake ulioinuliwa, ukingoja. Nikanyoosha mkono nikalipokea jani.

"Yamekwisha, Mwalimu," nikasema.

Alishusha pumzi ndefu. "Asante, mwanangu. Sasa nitapata usingizi."

Nimefanya mabaya mengine maishani, na mengi nayakumbuka nikiwa nakula bila shida. Hili nikilikumbuka nageuza uso ukutani hata nikiwa peke yangu. Alikuja kuniomba msamaha wa kosa langu, na mimi nikamsamehe.

*

Sikuweza kukaa. Nililiweka jani kwenye glasi ya maji dirishani, nikaenda kwa Daktari Mshana, mkuu wa karakana, nikamweleza yote: mtambo, mkaa, beseni, mwezi wa tano, visanduku tisa. Alinisikiliza bila kunikatiza. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya. Ndiye aliyenitoa kuosha chupa akanipa beseni la kwanza la nyaya.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Kundi la kumi na nane?"

"Ni safi. Mtambo ulikuwa umeshapona."

Alivua miwani akaiweka juu ya makaratasi. "Kuna watu mia tatu kwenye orodha, Ninsia. Wengine hawawezi kufunga vifungo vya shati. Tukitangaza hili leo, kesho kuna kufuli mlangoni. Hao mia tatu utawaambia nini?"

Mpaka leo sina jibu zuri.

"Sikiliza," alisema, na sauti yake ikawa ya upole. "Mwite huyo Mwalimu wako. Tumtolee zile, tumwekee za kundi la kumi na nane. Tuseme ni zawadi kwa walimu wastaafu. Krismasi atasoma somo kanisani na wewe utakuwepo."

"Na wale ishirini na wawili?"

"Mmoja mmoja. Taratibu, bila kelele."

"Mwisho ni Machi, Daktari. Chumba cha upasuaji tunakipata mara moja kwa mwezi. Kwa mmoja mmoja, hiyo taratibu yako itawafikia watano."

Alivaa miwani. "Basi watano."

Nilikubali. Nalisema wazi kwa sababu nimeshaficha vya kutosha: nilikubali, na nikatoka ofisini mwake nikijisikia nafuu. Nilimwona Mwalimu akisoma, nikawaona wale wengine kwa mbali sana, kama watu wa nchi nyingine. Saa kumi jioni nilimpigia simu nikamwambia kuhusu zawadi, na sauti yangu ilikuwa na furaha ya kweli.

"Kwa nini mimi?" aliuliza.

"Ni kwa walimu wastaafu, Mwalimu."

"Niliwekewa siku moja pamoja na fundi cherehani mmoja wa Kikatiti, Mama Penueli. Tunapigiana simu. Naye vyake vimekufa. Anajichoma sindano, anajua akiona damu kwenye kitambaa cha watu. Yeye ana watoto wa kulisha, mimi nina pensheni. Mpe yeye."

"Mwalimu, haihamishiki, imeandikwa jina lako."

"Futa uandike lake. Yeye hakufiwa na mtu, pengine hakukosa chumvi hata siku moja. Mimi nilikosea, nikaja, ukanisamehe. Inanitosha, Ninsia. Siwezi kukosea halafu nipewe zawadi juu yake."

Simu ilipokatika niliendelea kuishika sikioni. Fomu ya Mama Penueli ilikuwa ya nne katika zile tisa. Nilikumbuka kwamba alibisha. Alisema hajakosa hata jioni moja, nikamwambia afikirie vizuri, akafikiria, akasema labda wakati mtoto alipolazwa, nikaweka vema.

*

Alhamisi ni siku ya kupima. Wa kundi la kumi na saba walikuja kumi na tisa kati ya ishirini na watatu, wakakaa kwenye mabenchi ya baraza, kila mmoja na kadi yake. Mwalimu Kaaya alikaa mbele na Mama Penueli pembeni yake, ana plasta kwenye vidole vitatu. Daktari Mshana alikuwa anawaeleza tena umuhimu wa chumvi, na wote walikuwa wanaitikia kwa kichwa, wapole kama wanafunzi waliochelewa.

Nilitoka ndani na jani la isale mkononi. Lilikuwa bado bichi kabisa.

"Daktari, naomba kusema."

Aliliona jani. Yeye ni Mpare, lakini ameishi kwetu muda mrefu, analijua. "Ninsia," alisema taratibu, "usifanye hivyo." Kisha, nilipobaki nimesimama, akasogea pembeni.

Nilianza. Nilisikia sauti yangu inatoka imefifia, inagonga kitu, na watu wa nyuma wakainama mbele kusikiliza. Mwalimu aligeuza kichwa.

"Ninsia," alisema, kwa sauti ya darasani. "Toa mkono mdomoni."

Sikujua kwamba nimeuweka. Niliutoa.

"Chumvi yenu haikuwa na kosa," nikasema. "Hakuna hata mmoja wenu aliyeharibu chochote. Niliosha nyaya zenu kwa maji ya mkaa uliochoka. Sikupima. Mwezi wa tano nilijua, na nikanyamaza, na nikawaandikia kwenye fomu kwamba ni ninyi." Niliwaeleza juu ya mshipa na Machi. Nikasema punje zote lazima zitoke, hata wale ambao vidole vyao bado vinahisi, na kwamba sijui watawekewa lini nyingine, wala kama karakana itakuwepo. Lakini mishipa itakuwa hai, na mishipa ikiwa hai inaweza kungoja.

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wangepiga. Mzee mmoja alinyanyuka akaondoka bila kuaga. Mama Penueli alikuwa anaziangalia plasta zake.

"Ulinifanya nimsingizie mwanangu," alisema. "Nilimwambia ni kwa sababu yake, kwa sababu alilazwa."

Nilisema ndiyo. Daktari Mshana aliingia ndani, na kupitia dirishani nilimwona ameketi, simu mkononi, bado hajampigia mtu.

Nilienda mbele ya Mwalimu nikapiga magoti kwenye saruji.

"Mwalimu, nimekuletea isale. Ni lile lile lako. Sikustahili kulipokea."

Uso wake ulikuwa umekaza. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku tulipovunja dirisha la ofisi ya walimu.

"Kila siku tangu mwezi wa sita," alisema, "nimemwomba Mungu anisamehe kwa kumlilia mdogo wangu siku mbili. Umesikia? Nilimwomba anisamehe kwa msiba."

"Nimesikia, Mwalimu."

"Ningekuwa na ruhusa ya kukukatalia, leo ningekukatalia."

Nilikuwa nalia, pua inachuruzika, meno yangu yote nje, na sikujifunika. Kisha Mwalimu akanyoosha mkono wa kulia mbele yake, kiganja juu, vidole wazi.

"Lete," alisema.

Nililiweka jani juu ya vidole vyake vinne, kwa upole, fundo likiwa katikati. Nikaondoa mkono wangu. Lilitulia pale, la kijani, pana, kila mtu barazani analiona. Mwalimu alibaki ameunyoosha mkono vile vile, uso umeinuliwa, anangoja.

"Nipe basi, Ninsia," alisema. "Mbona hunipi? Nimesema napokea."